Kidonge cha Siku Saba

Katika makao yale ya wazee, hakuna aliyekuwa na mwandiko kama wa Mama Kadi. Kila mwezi kadi za dawa zilipojaa, walezi wenzake walimsukumia yeye azinakili upya, naye alizipokea kwa maringo, rula mkononi.

Aliyewatia wote adabu alikuwa Bibi Fundi, mmoja wa wazee wa pale, aliyeshona nguo kwa miaka arobaini. Akiuona upindo wako umelegea, anakukamata hapo hapo. Kisha akapata maambukizi ya mkojo, akachanganyikiwa, akapiga kelele kutwa nzima, daktari akamwandikia kidonge cha kumtuliza. Maambukizi yakapona. Utulivu ukabaki, ukazidi: Bibi akawa anasinzia juu ya sahani, udenda ukimtiririka kifuani.

"Uzee huo," walisema wenzake. Mama Kadi naye akasema vivyo hivyo, Mungu amsamehe.

Siku moja bintiye Bibi alikuja, akapiga magoti mbele ya kiti. "Mama, ni mimi." Bibi hakufumbua macho. Binti akamgeukia Mama Kadi. "Dada, mama yangu kaanza lini kuwa hivi?"

Swali lile lilimchoma. Alikwenda kabatini, akafukua kadi moja moja hadi ya miezi minne nyuma. Pembeni mwa kile kidonge cha kutuliza daktari alikuwa ameandika: siku saba tu. Katika kadi iliyofuata, safi kuliko zote, maneno hayo hayakuwepo. Mwandiko ulikuwa wake.

Angeweza kunyamaza, nani angejua? Alimpigia daktari, kisha akamweleza binti yote, akilia. Binti akamshika mkono. "Bora umesema," akajibu.

"Tusikate ghafla," daktari alisema alipofika. "Tunapunguza kidogo kidogo, na mumwangalie kila siku. Mkiona mabadiliko, nipigieni."

Kwenye kadi mpya Mama Kadi aliandika tarehe ya mwisho kwanza, kabla hata ya jina la dawa.

Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, Bibi akashika kijiko mwenyewe. Ya nne, Mama Kadi alikuwa akimfunga vifungo, mara mkono wa Bibi ukamkamata aproni. Macho ya Bibi yalikuwa wazi kabisa.

"Mwanangu, upindo huu kakushonea nani? Adui yako?"

"Nimeshona mwenyewe, Bibi."

"Lo! Basi kushona niachie mimi. Wewe andika tu."

Mama Kadi alicheka huku machozi yakimtoka. Akaivua aproni, akamwekea Bibi mapajani, akaenda kumpigia binti simu.