Kitenge Kilichonuka Ureno

Enzi zetu pale Hagsätra, mtaa wetu wa ugenini huko Uswidi, mtu mmoja akisafiri ni ukoo mzima umesafiri. Kila aliyebaki alikuwa na lake la kuagiza, na kurudi mikono mitupu ilikuwa aibu ya kukufanya uhame kanisa.

Nilikuwa na miaka kumi mama aliponichukua kwenda Caldas da Rainha, mji wa kale wa maji ya moto huko Ureno. Mwenzake wa kazini, mzaliwa wa huko, alikuwa amemsimulia jinsi malkia mmoja wa zamani alivyowakuta watu wakioga maji yanayonuka kando ya njia, naye akaoga, akapona, akajenga hospitali palepale. Koko, bibi yetu mzaa mama, aliposikia hivyo alijishika magoti. Magoti yale yalikuwa yamemfungia ndani majira yote ya baridi. Kanisani alikuwa hafiki tena, na hilo lilimuuma kuliko magoti yenyewe.

"Muniletee ile maji," alisema. "Ata kidogo tu."

Mama akaahidi.

Niwaambie ukweli, mpaka leo sijaona mji ulionikaa moyoni kama ule. Asubuhi, uwanja uliotandazwa mawe meusi na meupe ulijaa matunda, na wauzaji walimwita mama kwa sauti kama wako sokoni kwetu Bukavu. Yeye aliwajibu kwa Kiswahili, na wakaelewana kabisa. Kulikuwa na bustani yenye ziwa dogo na mabata, na kando yake majengo marefu matupu yenye madirisha yaliyovunjika, ambayo niliamini ni ya yule malkia. Halafu maduka ya vyombo vya udongo: sahani za umbo la jani la kabeji, vyura, na vitu vingine vya umbo ambalo siwezi kuliandika hapa. Mama alinifunika macho kwa mkoba. Nilikuwa nimeshaona.

Hospitalini tulipokewa na harufu ya mayai viza. Mama, asiyejua neno la Kireno, alijipiga magoti kwa viganja, akaonyesha mbali kaskazini, na mzee wa mlangoni akatujazia chupa mbili.

Kosa letu ni kwamba tulikuwa na mabegi ya mkononi tu. Kwenye uwanja wa ndege, mkaguzi alizitoa zile chupa, akatikisa kichwa. Mimi nikaanza kulia. Mama alivua kitenge alichojitanda mabegani, akakishika juu ya pipa la taka, akakimiminia chupa zote mbili mbele ya foleni nzima. Kisha akauliza kwa Kifaransa: "Maji hayapiti, sawa. Na nguo?"

Mkaguzi alicheka, akatupisha. Ndani ya ndege abiria walitazamana njia nzima.

Nyumbani mama alikipasha kitenge joto, akamfunga Koko magotini. Nyumba ikanuka hadi kwenye ngazi. Koko akaniambia, "Sasa unielezee. Muliona nini?" Nikamweleza soko, ziwa, malkia, hata vile vyombo, akacheka mpaka machozi. Jumapili alivaa viatu. Alichechemea njia nzima, lakini kanisani alifika. Kama ni maji au ni kicheko, sijui, na sikuwahi kuona haja ya kujua.

Koko hayupo tena. Magoti yanayouma sasa ni ya mama. Na vijana wa leo, Mungu wangu, wanakwenda na kurudi kabla hujajua wameondoka. Mdogo wangu wa mwisho, anayejibu kila kitu kwa Kiswidi, alipita mji uleule kiangazi hiki. Mama alimwagiza maji. Mtoto alituma picha mia mbili, na mojawapo ni ya hayo maji, imepigwa vizuri, hata mvuke unaonekana.

Mama aliitazama sana ile simu. Kisha akanigeukia.

"Sasa hii, nitaifunga ku magoti namna gani?"

Tiketi nimekata. Kitenge kile kimo begini, kikavu, kinasubiri.