Viti Chini ya Bashi

Ninakodisha viti. Ni vya plastiki, zamani vilikuwa vyeupe, na vile vilivyopasuka mgongo nimevishona kwa waya kama watu wanavyoshona gunia la makaa. Mwenye ndoa anakuja kuvichukua, mwenye kilio anakuja kuvichukua, halafu vinarudi. Kazi hii niliichagua kwa sababu moja tu: hainitoi nyumbani. Viti vyangu vimefika bandarini, vimefika Katanika, vimekaliwa na waheshimiwa wenye matumbo. Mimi mwenyewe nafika hadi mlango wa lupango, ua wa nyumba yetu, naangalia njia, narudi ndani. Nilimaliza sekondari, nikapata diplome, nikaitundika ukutani, kisha nikaketi chini yake. Hiyo ndiyo historia yote ya masomo yangu.

Kwa hiyo mdogo wangu wa kike alipoacha kutoka, sikuona kitu.

Yeye alikuwa wa kutoka. Mwaka wa pili pale chuo kikuu, agronomia, kila asubuhi daftari kwapani. Papa alitutoka siku nyingi, na Mama anapeleka samaki wakavu Kabalo kwa treni, na treni ile inarudi inapotaka, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili. Siku ya tatu ya juma moja alirudi kutoka masomoni, akatundika mfuko kwenye msumari, akavua viatu, akalala akiangalia ukuta. Kesho yake hakwenda. Keshokutwa pia.

"Leo hakuna makosi ku chuo?" nikamuuliza.

"Iko."

"Na weye?"

"Niko."

Nikaridhika na jibu hilo. Nilifikiri damu ya ukoo hatimaye imemfikia, amekuwa mtu wa nyumbani kama mimi. Hata nilimwambia, "Karibu kazini." Hakucheka. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka, kwa sababu katika mji huu mzima mtu anayecheka utani wangu alikuwa yeye peke yake.

Siku zikaenda. Sahani ya bukari, ugali wetu, ilirudi na alama ya vidole viwili tu. Nywele zake zilifumuka nusu, akaziacha vile, upande mmoja misuko, upande mwingine kichaka. Mama akipata mtandao anapiga simu:

"Mutoto iko?"

"Iko, Mama."

"Anasoma?"

"Iko na kitabu."

Sikudanganya. Kitabu alikuwa amekifanya mto.

Watu wananiuliza siku hizi kama niliogopa. Ningependa kusema ndiyo. Ukweli ni kwamba sikusikia kitu, si woga, si huzuni. Ilikuwa kama jino lililochomwa sindano: unajua liko, unaligusa kwa ulimi, halijibu. Nilikuwa napeleka chai, nasukuma kikombe chini ya pazia la mlango wake, narudi kwa viti vyangu.

Aliyenishtua ni msichana mmoja anayesoma naye. Alikuja kukodi viti.

"Yaya," akasema, maana ndivyo tunavyomwita kaka, "tunataka viwili."

"Viwili? Ndoa gani hiyo ya watu wawili?"

"Si ndoa. Ni ya biro yetu, ofisi ndogo ku chuo. Biro ya kusikiliza. Mwanafunzi mwenye muzigo moyoni anakaa, mumoja wetu anakaa, anamusikiliza."

"Halafu?"

"Halafu njo vile."

Nikamuuliza kama wateja ni wengi. Akatikisa kichwa. Biro wamepewa, lakini benchi la kungojea liko mbele kabisa ya valve, ule ubao wanapobandika matokeo. Wanafunzi mia wanasimama pale kila siku kutafuta alama zao. "Ukikaa kwenye lile benchi," akasema, "watu wanaacha kusoma matokeo, wanakusoma weye."

Nilikuwa namchagulia viti visivyo na waya mwingi aliposema, bila kunitazama, "Na mudogo wako? Wiki tano hatumuoni mu oditware, mu masomo."

Wiki tano. Kwa hesabu yangu zilikuwa mbili.

"Iko. Anapumuzika."

"Anapumuzika ao ameanguka?"

"Ataanguka wapi? Iko kitandani."

Naye hakucheka. Aliomba ruhusa, akaingia, akasimama mbele ya pazia, akaita kwa sauti ndogo. Hakuitikiwa. Alipotoka alikuwa amekwisha kukata shauri.

"Tusimukokote. Kama hawezi kuja kwa biro, biro itakuja kwake. Siku ya posho mchana tutakuja watu saba, na asista wetu anayetufundisha hii kazi. Hatutamuuliza kitu. Tutakaa tu hapa inje, ajue tuko. Akitaka kutoka, atatoka."

"Mutakaa tu?"

"Tutakaa tu."

"Kwa kazi ya kukaa miye ni profesa. Mungeniita mapema."

"Tumeona," akasema, akabeba viti vyake viwili.

Siku ya posho, yaani Jumamosi, jua liliamka na hasira na ziwa halikuleta upepo hata kidogo. Nikatoa viti. Sasa, mikono yangu inajua mipango miwili tu. Wa ndoa: mistari, na njia katikati. Wa kilio: viti vinazunguka lupango na uwazi unaelekea mlango wa nyumba. Bibi harusi sikuwa naye, basi mikono ikachagua yenyewe. Halafu, nikiwahurumia wageni na jua, nikafunga bashi, lile turubai la bluu, kutoka kwenye bati hadi kwenye mparachichi. Nikaweka ndoo ya maji na kikombe. Nikasimama kando, nikaona kazi ni nzuri.

Walifika saa nane. Mashati meupe yote, na asista ndani ya koti jeusi, maana asista hawezi kukosa koti hata katika moto. Walinipa mkono mmoja mmoja, sauti chini. Wakakaa. Wakanyamaza, kama walivyoahidi. Kijana mmoja akainamisha kichwa, akashika mashavu. Kilichokosekana ni jeneza tu, lakini mimi mwenye miaka kumi katika biashara ya vilio sikuona.

Aliyeona ni mama jirani, yule anayekaanga mikate ng'ambo ya njia. Alitazama kupitia mwanya wa ukuta wa matete. Akaona bashi, viti, koti jeusi, mimi nimesimama kama nguzo. Kwa wiki tano hakuwa amemwona mdogo wangu. Alijumlisha. Na nani angejumlisha vingine?

"Uwiii! Mutoto wa watu! Mutoto wa masomo!"

Aliingia mikono kichwani, kitenge kinaburura, akajitupa chini mbele ya mlango. Nyuma yake akaja mwingine, na mwingine, wakiwa na mikeka. Mtu akaja na kuni. Mtu akaja na sufuria kubwa, akauliza maji yako wapi. Ndani ya nusu saa nilikuwa na watu kuliko viti, jambo ambalo biashara yangu haijawahi kuona.

"Mama, hakuna aliyekufa," nikamwambia jirani.

Alinishika mabega kwa upole. "Njo hivyo, mwanangu. Wote tunakataa kwanza."

"Hapana, nasema kweli. Hawa ni wanafunzi, wamekuja kukaa."

"Ndiyo, baba, wamekuja kukaa na weye. Lia. Usizuie chozi, litakuua."

Nikamgeukia asista anisaidie. Asista alisimama, akafungua mdomo kwa Kifaransa kizuri sana, na akina mama wakaona ni hotuba ya chuo kwa marehemu, wakalia zaidi. Yule kijana aliyeshika mashavu alianza kulia pia. Alilia kweli, mabega yanaruka. Baadaye aliniambia kwamba hakujua analia kwa sababu gani, ila alipoona watu wanaruhusiwa, alijiunga.

Nikabaki katikati, macho makavu. Hapo ndipo kitu kibaya kilipoanza kuingia. Watu wote hawa wanamlilia mdogo wangu. Watu wazima, wenye akili, wanaojua kifo kuliko mimi. Je, kama wao ndio wenye kweli? Mara ya mwisho kumuona ilikuwa lini? Asubuhi nilisukuma chai chini ya pazia, sikuangalia. Kikombe cha jana kilikuwa bado pale? Sikukumbuka. Sikukumbuka kama nilisikia kikohozi, kitanda, kitu chochote.

Kutoka pale nilipokuwa hadi pazia lake ni hatua chache. Ninazitembea tangu nilipozaliwa. Nilizitembea, mkono ukafika kwenye kitambaa, ukakataa. Nilisimama pale mbele ya pazia lenye maua ya manjano, nyuma yangu kilio kinapanda, na sikuweza kufunua. Ningetoa viti vyote nilivyo navyo ili mtu mwingine afunue.

Likafunuliwa kutoka ndani.

Alitoka amejifunga kitenge kifuani, uso una mikunjo ya mto, kichwa kile cha nusu misuko. Alinipita, akasimama mlangoni, akakunja macho kwa sababu ya mwanga.

"Yaya," akasema, "nani amekufa?"

Kilio kilikatika mara moja, kama redio iliyoishiwa betri. Mama jirani alimtazama kutoka kichwa hadi miguu.

"Si weye?"

"Miye?"

Mdogo wangu alifikiri. Naapa alifikiri kwanza.

"Bado," akasema.

Hakuna aliyecheka. Yule msichana wa biro alisogeza kiti, akakifuta kwa mkono, na mdogo wangu akakaa, nafikiri kwa sababu miguu ilikuwa imesahau kazi. Nilitegemea watu wataondoka wakiwa na hasira. Hawakuondoka. Maji yalikuwa yamekwisha kuchemka, mikeka imetandikwa, na kwetu huwezi kuja kilioni ukarudi hujakaa. Mama jirani ndiye aliyekasirika, na alinikasirikia mimi.

"Muntu anapanga viti hivi, anafunga bashi, halafu anasema hakuna mufu! Weye unafikiri sisi ni nini?" Kisha akamgeukia mdogo wangu. "Na hii nywele? Leta kichwa."

Akaketi kwenye mkeka, akamshusha kutoka kwenye kiti, akambana kichwa katikati ya magoti, akaanza kufumua. Mdogo wangu hakukataa. Wanafunzi walikaa, wakanyamaza. Akina mama nao walinyamaza, wakanywa chai. Sijawahi kuona watu wengi hivyo wakinyamaza kwa ajili ya mtu aliye hai.

Ndipo simu yangu ikalia. Mume wa jirani, mtu wa haraka, alikuwa amekwisha kumpigia Mama yetu kule Kabalo.

Nilipokea. Upande wa pili hapakuwa na maneno, ilikuwa pumzi tu, pumzi ya mtu aliyekimbia hali amekaa. Nilifungua kinywa. Kwa mara ya kwanza utani haukuwemo, na nyuma ya utani sikukuta kitu kingine. Mdogo wangu alinyoosha mkono kutoka kwenye magoti ya jirani.

"Leta."

Akaweka simu sikioni. "Mama, ni miye."

"Nani?" Sauti ya Mama ilisikika chini ya bashi lote.

"Ni miye. Niko."

"Wameniambia..."

"Wamedanganyika. Yaya alipanga viti mubaya."

Mama alilia kidogo, akamshukuru Mungu, akanitukana mimi, akamshukuru Mungu tena. Kisha akauliza, taratibu, "Basi kwa nini sauti yako iko vile?"

Mkono wa jirani ulisimama kichwani.

"Mama, siendi ku masomo. Wiki tano. Hakuna aliyenifanya kitu. Sijui. Nachoka. Nachoka hata nikiwa nimelala." Alivuta pumzi. "Nilikuwa naogopa utasema unauza samaki bure."

Tulisubiri wote. Mimi nilijiuliza ni kwa nini alilazimika kwenda hadi Kabalo kwa simu kusema maneno ambayo yangefika kwangu kwa kupita pazia moja.

"Uko na nani hapo?" Mama akauliza.

Mdogo wangu alizungusha macho chini ya bashi. "Na watu wote," akasema.

Sitasema kwamba alipona siku ile. Kesho yake alilala hadi jioni, nywele nzuri, uso ule ule. Lakini siku ya pili ya juma alivaa viatu, akakaa kwenye kizingiti navyo, akakaa sana. Nilijua anawaza lile benchi na wale watu mia wa valve. Nikatafuta shati langu la kutoka. Lilinukia sanduku.

"Unaenda wapi?" akaniuliza.

"Kuangalia viti vyangu viwili. Naona wanavichelewesha."

Tulitembea hadi chuoni. Jua lilikuwa kali kuliko nilivyolikumbuka. Tulikaa kwenye benchi pamoja, bega kwa bega. Watu wa valve waligeuka, kama tulivyoambiwa, wakatusoma: msichana mwenye misuko safi, na kando yake mtu mzima mwenye shati la mikunjo, jasho linamtiririka, anashika benchi kwa mikono miwili. Niliona macho yao yakihama kutoka kwake, yakibaki kwangu.

Mlango wa biro ukafunguka. Yule msichana akatuangalia sote wawili.

"Nani anaanza?"

Mdogo wangu alinionyesha kwa mdomo. "Huyu. Miye nitangojea."

Nikaachia benchi. Halafu nikaingia. Kiti kilichokuwa kinanisubiri nilikitambua, waya ule niliushona mwenyewe. Sikuwa nimewahi kukaa juu yake.