Farasi Aliyekataa Udi

Mama alikuwa na jibu moja kwa kila ugonjwa: udi. Kwa hiyo asubuhi tuliyompeleka mdogo wangu kwa farasi, chetezo kilifuka tangu alfajiri, na mgonjwa wetu akasimamishwa juu yake mpaka kanga zikashika moshi na mimi nikawa napiga chafya.

"Eda imekwisha," mama alisema. "Asitoke kama mfiwa. Anukie."

Mjane akiwa edani hajitii manukato; siku ya kutoka ndipo hufukizwa. Mdogo wangu alikuwa amemaliza eda, lakini hakuwa ametoka. Tangu mumewe agongwe na lori barabara ya Msata, hakutamka neno. Akipewa chakula anakula, akiambiwa alale analala. Wala hakulia, hata siku ya maziko. Wanawake walimsifu kwa subira yake, nami nilitamani kuwafagia wote uani. Tulikuwa tunampoteza, na huku tunampongeza.

Daktari ndiye aliyetuelekeza kwenye shamba moja mbele ya Mlingotini, ambako mwanamke mmoja mshauri hutibu majeraha ya moyo kwa msaada wa farasi. Mama alicheka. "Kombe la aya amekunywa, dua amesomewa, leo tunampeleka kwa mnyama!" Lakini alikuja. Asingekubali hata farasi amwone mwanawe hajapendeza.

Mimi nilidhani farasi ni punda aliyelishwa vizuri. Alipotokea nyuma ya banda, nilimshika mama mkono. Alikuwa jike wa rangi ya kahawia, mrefu kuliko mlango wetu, na kila alipokanyaga niliisikia ardhi miguuni mwangu. Nilisema Subhanallah, na siku hiyo sikuisema kwa mazoea.

Mshauri alimwacha mdogo wangu peke yake uwanjani, sisi tukaketi kando ya ua. Farasi akamjia, akanyoosha pua, akanusa kanga, akapiga chafya kubwa na kurudi nyuma. Akajaribu tena. Mara hii akageuka kabisa, akatupa kisogo.

"Hata mnyama kamkataa," mama alinong'ona, machozi yakimlengalenga.

"Hajamkataa yeye," mshauri alisema. "Ni harufu tu. Bomba liko pale, akitaka."

Akitaka. Tangu msiba ule hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza anataka nini. Niliinuka nikamwongoze, mshauri akanizuia kwa macho. Tukangoja mpaka jua likatuchoma. Kisha mdogo wangu akaenda bombani, hakuna aliyemtuma, akavua kanga ya juu, akaosha mikono, uso na shingo, akijisugua kama anayetoa tope.

Aliporudi, farasi alimjia taratibu, akamlazia kichwa begani. Kichwa chote kile kizito! Mdogo wangu akaikumbatia shingo yake, akalia. Alilia kwa sauti ambayo nyumbani ingetufanya tumzibe mdomo. Masikio ya farasi yalicheza, lakini miguu haikusogea. Mnyama mwenye nguvu za kuuvunja ua ule alisimama tuli ili mtu amlilie. Niliogopa na kufurahi kwa pamoja, na mpaka leo nikikumbuka mwili hunisisimka.

Mama alisimama. "Subira, mwanangu! Eda imekwisha!"

Mdogo wangu akageuza uso. "Eda imekwisha, mama," alisema, sauti ikikwaruza kwa kukaa muda mrefu bila kazi. "Mimi sijamaliza."

Mama akaketi. Hakusema kitu mpaka tulipofika nyumbani, na kwa mama yangu huo ulikuwa muujiza wa pili.

Juma lililofuata nilimkuta mama uani amechuchumaa mbele ya chetezo, makaa yamekolea, kipande cha udi mkononi. Alikaa nacho kitambo. Kisha akakirudisha koponi, akamwita mdogo wangu, akamuuliza, "Leo unataka kwenda kwa farasi?"