Majivu Kwenye Kabureta

Ujumbe ulitufikia asubuhi, mimi na mama tukiwa uani tunapeta maharage. Aliuleta mfanyabiashara wa mchele kutoka Msangano, kule bondeni. Alikuwa amepanda mlima kwa miguu, maana masika yalishaikata barabara na malori hayakuwa yakipita. Tulimpa kiti, akakikataa. Alimwambia baba vile vile amesimama kwamba mdogo wake ni mgonjwa, hali si nzuri, na kwamba amemtuma aseme hivi: kaka yangu aje.

Baba aliketi. Nilidhani anatafuta pumzi, kumbe alikuwa analia.

Baba na baba mdogo walikuwa hawasemezani tangu bibi alipofariki. Baba mdogo alitaka mama yao azikwe kama alivyozikwa babu, pombe ya ulezi imwagwe kaburini na wazee waseme yao. Baba akasema yeye ni mzee wa kanisa, pombe haitamwagwa mbele ya macho yake. Walipoileta, aliupiga teke ule mtungi mbele ya watu wote. Baba mdogo akamtazama, akamwambia, "Na mimi nikifa, usije." Kisha akafungasha na watoto wake, akashuka bondeni kulima mpunga na kufuga ng'ombe. Tumbo la bibi lilizaa wakaidi wawili, na sijui nani alimzidi mwenzake.

Sasa mkaidi mmoja alikuwa ameita, na mwingine alitaka kwenda siku hiyo hiyo. Tatizo lilikuwa kufika. Kwa miguu baba asingeweza, alishakuwa na ugonjwa wa kutetemeka, mikono yote miwili, na miguu nayo ilishaanza kumlegea. Magari hayakuwapo. Ilibaki pikipiki yake, kuukuu ya silinda mbili, aliyoipata kwa Wazambia pale Tunduma ile miaka ya ruksa, kila mtu alipokuwa akiingiza anachokiweza. Aliitumia kuzungukia sharika mpaka mikono ilipomkatalia. Tangu hapo ilikuwa imelala stoo ya kahawa, imefunikwa magunia, kuku wanatagia kwenye kiti chake.

Mwendeshaji nilikuwa mimi. Nilikuwa bibi shamba, na pikipiki ya ofisi niliiendesha miaka mingi kwenye vijiji vya milimani, watoto wakinikimbilia kuona mwanamke aliyevaa suruali. Serikali ilipopunguza watu, nilirudi kwa wazazi na cheti cha shukrani na hasira zangu. Mama alisema hasira zile ndizo zilizonikosesha mume. Mimi nilisema mume ndiye aliyenikosa.

Tuliitoa pikipiki stoo, tukaitia petroli mpya na kuipiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi. Kimya. Baba alinusa tangi, akatikisa kichwa.

"Kabureta zimeganda," alisema. "Petroli ikilala inakuwa gundi. Lazima tuzifungue zote mbili."

Kabureta ndiyo inayochanganya petroli na hewa kabla haijaingia kwenye injini, na pikipiki ile ilikuwa na mbili, kila silinda na yake. Baba alijifunza kuzifungua mwenyewe, kwa kuharibu na kurudia, kwa sababu fundi wa karibu alikuwa Tunduma na alikuwa mlevi. Mikono ilipoanza kumsaliti akanifundisha mimi. Kwa hiyo siku ile tuliketi barazani, yeye kwenye kigoda, mimi kwenye mkeka, yeye anasema na mimi nafanya. Fungua bakuli la chini. Toa boya. Toa jeti, pole pole, hiyo ni shaba, ukiilazimisha inakatika. Jeti ni kijiti cha shaba chenye tundu jembamba, na ndani ya matundu yale petroli ya zamani ilikuwa imekauka, ya kahawia, inanata. Kila nilipogeuza bisibisi, mikono yake ilijongea hewani kana kwamba inataka kuninyang'anya, kisha anairudisha chini ya mapaja na kuikalia. Hilo liliniuma kuliko nilivyomwonyesha.

Jioni ilitukuta tumeshafungua kila kitu. Tukavilaza vipande vyote kwenye beseni la petroli, ile gundi ilegee, tukalifunika kwa sinia. Baba alisema kesho asubuhi tunapuliza, tunafunga, tunaondoka. Alikula ugali wake wote siku ile. Alinihadithia jinsi yeye na mdogo wake walivyokuwa wakiiba asali wakiwa wadogo, na jinsi mdogo wake alivyokuwa akijitwisha kosa hata asipokuwepo. Sikuwahi kumsikia akimtaja kwa sauti ile.

Nilipoamka, mama alikuwa ameshamaliza.

Mama alikuwa mtu wa vyombo. Kwetu, mwanamke alipimwa kwa sufuria zake, na za mama ungeweza kujitazama ndani yake ukachana nywele. Alizisugua kwa majivu na gunzi la mahindi kila asubuhi, nje na ndani, kisha akazipanga kichanjani zikaushwe na jua. Na alikuwa na lake moja, alilolipokea kwa mama yake: mtu haendi kwa mgonjwa na kitu kichafu. Kikapu cha kwenda kwa mgonjwa kinaoshwa, khanga inafuliwa, hata mpini wa jembe akienda kumsaidia mgonjwa kulima unasuguliwa. Basi alfajiri aliona beseni la uchafu mweusi, akajua ni la safari ya kwa shemeji yake. Akamwaga ile petroli chooni. Akachukua majivu, akachukua gunzi, akasugua kabureta za mumewe moja moja, mwili, mabakuli, maboya, mpaka vile vijeti alivibingirisha kiganjani na majivu mabichi. Akasuuza kwa maji ya moto. Nilivikuta kichanjani kati ya sufuria na vikombe, vinang'aa kama vya duka.

"Nimewasaidia," alisema. Alikuwa amefurahi kweli.

Nilifungua mdomo. Baba akanishika bega. "Umefanya vizuri, mama watoto," akamwambia. Mimi akaninong'oneza, "Puliza. Labda yametoka."

Nilipuliza mpaka masikio yakaziba. Tukafunga. Nikapiga kiki, na safari hii injini ikawaka, lakini upande mmoja tu. Silinda ya kushoto ilinguruma, ya kulia ikakohoa, ikazima, na ya kushoto nayo ikafuata. Nikafungua bakuli la kulia. Chini kulikuwa na tope la kijivu, laini, la majivu. Ndani ya mwili wa kabureta kuna vijia ambavyo jicho halivioni, na majivu yakilowa yakakauka mle yanashika kama lipu ya ukuta.

Hapo nilimgeukia mama. Nilimwambia haya si masufuria. Nilimwambia mtu anakufa bondeni, na yeye ametukalia na gunzi. Nilisema mengine ambayo sitayaandika, si kwa aibu, ila kwa sababu yalikuwa yale yale kwa maneno makali zaidi. Mama alishika ncha ya khanga yake, akaikunja, akaikunjua, akaingia jikoni.

"Maji yakimwagika hayazoleki," baba alisema. "Tufungue tena."

Siku nzima ilikwenda hapo. Tulipitisha maji, tukapitisha petroli, tukapuliza kwa pampu ya baiskeli, mpira wake nikiufunga kwenye kila kijia kwa kamba ya gome. Vijeti tulivisafisha kwa unyoya wa kuku, maana waya ungepanua tundu. Unyoya ukitoka na kijivu, tunarudia. Mvua ilinyesha mchana, ikakatika, ikanyesha tena, na baba aliangalia upande wa bondeni ambako mawingu yalikuwa meusi zaidi. Mama alituletea uji, akauweka chini mbali kidogo nasi, akaondoka bila kutazama beseni.

Jua likiwa linaelekea kuzama, zote mbili ziliwaka. Ikabaki kuzilinganisha. Hilo baba hakumwachia mtu. Alichukua kipande cha mpira, ncha moja akaitia sikioni, ncha nyingine nikamshikia mimi kwenye mdomo wa kabureta, kushoto, kisha kulia, kisha kushoto, naye akasikiliza namna kila moja inavyovuta hewa. Mikono ilikuwa imemfia lakini sikio lilikuwa zima. "Huyu ana pupa," alisema. "Mbane kidogo. Huyu mwachie." Nikageuza skrubu kwa kipimo cha nywele, mpaka akafumba macho na kusema basi, sasa wanapumua pamoja. Mngurumo ulitulia. Nilimwona baba anatabasamu, na ile hasira yangu ya mchana ikapungua, nikaamini tutamkuta.

Tuliondoka kukipambazuka, yeye nyuma yangu, amejifunga kwangu kwa shuka la mama ili mikono isimwangushe. Pikipiki haikutusumbua hata mara moja. Tope ndilo lililotusumbua, na mito. Mahali fulani wafugaji waliibeba begani kama ng'ombe mgonjwa wakaivusha, kisha wakarudi wakambeba baba. Joto la bondeni lilitupokea kwenye mteremko wa mwisho, na tulipofika kwa baba mdogo jua lilikuwa limeshapinda.

Watu walikuwa wamekaa chini uwanjani. Nilizima injini. Nilijua kabla hawajasimama.

Walikuwa wamemzika asubuhi ile. Joto la kule halisubiri mtu. Mama mdogo alimshika baba miguu, akamwambia jana mchana kutwa mumewe alikuwa na akili zake, alikuwa anaongea, alitaka akalishwe mlangoni aone njia. Alikuwa anauliza kama wanasikia mlio wa pikipiki. Jioni akaacha kuuliza.

Jana mchana kutwa. Nilisimama pale na tope mpaka magotini, nikahesabu kichwani kila unyoya.

Mzee mmoja wa ukoo, ambaye hakuwa amesahau ule mtungi, akamwuliza baba kwa sauti ya watu wote wasikie. "Aliita. Mbona mmechelewa? Mmekwama wapi?"

Mimi jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nililileta njia nzima bila kujua. Baba akanitangulia.

"Mimi ndiye niliyechelewa," alisema. "Si jana. Nimechelewa tangu tulipomzika mama. Nilikuwa na miguu mizuri na pikipiki nzima, na sikuja."

Alikwenda kaburini, udongo bado umelowa, akaketi. Walipoleta pombe ya ulezi wakasita, wakamtazama. Akawaambia wamwage. Kisha akaomba kata, akamimina mwenyewe, mikono inatetemeka hata nusu ikamwagikia suruali yake, na akamwambia mdogo wake, "Nisamehe." Alilisema kwa Kinyiha, lugha ya kuibia asali. Nilimwinua baadaye sana.

Tulimaliza matanga, tukapanda. Juu ya mlima, mahali ambapo hewa inaanza kupoa, baba alinigonga mgongoni nisimame.

"Mama yako atauliza," alisema. "Tulimkuta hai. Umesikia? Tuliongea, nikamshika mkono, akafa tukiwepo."

"Baba, wewe hata mgeni hujawahi kumdanganya kwamba tumeshakula kama hatujala."

"Washa pikipiki."

Mama alitupokea mlangoni. Aliuliza kabla baba hajafunguliwa lile shuka. "Mlimkuta?"

Baba alimwambia. Alimwambia walivyosalimiana, mdogo wake alivyocheka, jinsi alivyoomba maji, alivyokumbuka asali, alivyosema wamesameheana. Alisema mengi. Mama aliketi kwenye kizingiti, akaweka mikono kichwani, akasema, "Ashukuriwe Mungu." Mimi nilikwenda kuosha tope, kwa sababu uso wangu haujui kunyamaza.

Mama mdogo alipokuja kututembelea baada ya mavuno, baba alimpokea njiani peke yake kabla hajafika uani. Nikaelewa anamwomba nini. Hadithi ile ikakaa nyumbani kwetu, ikazeeka nasi, na sikumsikia mama akiigusa hata tulipogombana.

Baba alifariki miaka mingi baadaye, kitandani kwake, mama akimshika ile mikono. Wageni walipoondoka baada ya arobaini, tulibaki wawili tunachambua mchele wa kula jioni. Mama alisema, bila kuinua kichwa, "Hamkumkuta."

Akasema, "Nilijua siku ile ile, pale mlangoni. Baba yako habari njema alikuwa anaisema kwa neno moja, kisha anaomba chakula. Siku ile aliongea mpaka mate yakamkauka."

"Na hukumwambia? Miaka yote hii, mama?"

Aliokota kijiwe kwenye ungo, akakitupa.

"Mzee wa kanisa alinibebea uongo toka Msangano, mlima wote ule, na mikono ile isiyoshika hata kikombe. Ningemwambiaje autue?"