Fundi Aliyekuja Umeme Ukiwa Umekatika

Haya yamenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Hayakumpata mjomba wa rafiki yangu wala dereva fulani wa njia ya Loliondo. Na wala haikuwa usiku. Ilikuwa saa mbili asubuhi, nimeshakunywa chai, sina homa, na pombe sinywi. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize.

Mimi ni Mmaasai wa Enguserosambu, kule Loliondo. Nimesoma mpaka darasa la saba, basi. Nafanya kazi katika kituo kimoja cha afya upande wa juu wa Karatu, pale mashamba yanapoishia na msitu unapoanza. Miezi ya baridi ukungu hushuka kutoka msituni ukakaa mpaka karibu saa tano, na ukiongea unaona pumzi yako ikitoka kama moshi.

Kituo kina friji tano za chanjo. Kila friji ina kidude cha kupima joto, na kila baada ya dakika chache kidude hicho hutuma ujumbe kwenye kompyuta: nipo, joto langu ni hili. Betri za sola nazo hutuma. Kompyuta za mapokezi hutuma: fulani ameingia, fulani amekosea nywila, printa imeishiwa karatasi. Yote hayo huandikwa kwenye orodha moja ndefu ambayo fundi wetu wa Arusha, kaka Rama, anaiita logi. Kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya hiyo logi na kumwita Sista Paulina, nesi mkuu wetu, nikiona jambo baya.

Unadhani ni kazi rahisi? Hebu simama katikati ya mnada wa Karatu, kila mtu anapiga kelele, halafu uambiwe umsikie mmoja anayesema anaumwa. Ndivyo ilivyokuwa. Ujumbe ulishuka kama mvua, na mimi nasoma polepole. Nikimaliza mstari mmoja, ishirini imeshapita. Kaka Rama aliniambia nitafute tu yenye rangi nyekundu. Nikanunua daftari, nikawa nachora kijistari kwa kila ujumbe mwekundu. Nilijiona mtu makini sana.

Siku moja ya Ijumaa friji ya tatu ikafa. Tulijua Jumatatu. Kina mama walikuwa wameshafika, wengine wametembea tangu alfajiri na watoto mgongoni, na Sista alipofungua mlango chupa zilikuwa na joto kama za sokoni. Chanjo zote zilizokuwemo, ndizo zilizopangwa kwa siku hiyo, zikatupwa. Mama mmoja alinitazama nilivyosimama na daftari langu, akaniuliza kwa Kimaasai, "Kwani ninyi mnalinda nini humo ndani?"

Nikalifunga daftari. Mimi hata nikiwa na jibu huwa halitoki.

Sista hakunifokea, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Aliniambia, "Mdogo wangu, safari hii nimekubeba. Wiki mbili zijazo tuna siku kubwa ya chanjo, maboma yote ya juu yanateremka. Wakikuta zimeharibika tena, hawatarudi. Si mwaka huu, si mwakani. Na watoto watakaougua watakuwa wetu mimi na wewe."

Jioni ile nilirudia ujumbe wote wa Ijumaa, kidole kwenye kioo, mstari kwa mstari. Niamini, hapakuwa na mwekundu hata mmoja wa friji ya tatu. Sikuelewa nimekosea wapi.

Basi ikafika ile Alhamisi. Upepo mkali ulikata umeme alfajiri. Jenereta yetu huendesha friji na chumba cha kujifungulia tu. Ofisi zinabaki giza. Saa mbili nikapita kwenye majani nikaenda ofisini kwangu, suruali imelowa mpaka magotini. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Kompyuta ilikuwa inawaka. Nikafikiri, ah, umeme umerudi.

Kwenye kiti changu alikaa mwanamke. Alikuwa mkubwa kwangu kidogo, amejifunga shuka ya bluu juu ya koti la kifundi lenye mifuko mingi, na miguuni amevaa kandambili za tairi. Kandambili zile zilikuwa kavu kabisa.

"Supai," akanisalimu kwa Kimaasai.

"Ipa," nikajibu. Lafudhi yake ilikuwa ya kwetu, si ya upande huu. "Kaka Rama ndiye aliyekutuma, dada?"

Akainua mkono. Alikuwa ameshika daftari langu. "Hili ni lako?"

"Ndiyo."

Akafungua ukurasa, akaona vijistari vyangu, akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Anahesabu! Mtoto wa Kimaasai anahesabu! Nani amekuloga?"

Nilitamani sakafu inimeze. Lakini hakucheka kwa ubaya; alivuta ndoo akaigeuza, akanionyesha nikae karibu yake. "Baba yako ng'ombe wakirudi jioni, anawahesabu?"

"Hapana. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi."

"Anafanyaje?"

"Anasimama langoni. Anawatazama wakiingia."

"Na mmoja asiporudi?"

"Anajua. Anasema, yule mweupe wa pembe iliyovunjika sijamwona."

"Huyo mweupe ndiye aliyemwambia kwamba hayupo?"

Nikacheka. Ng'ombe aliyepotea atasemaje kwamba amepotea? Halafu nikainuka ghafla kwenye ndoo. Friji ya tatu! Kidude chake kilikuwa kimechomekwa soketi moja na friji. Friji ilipokosa umeme, kidude nacho kilizimika. Kilichokufa hakitumi ujumbe mwekundu. Kinanyamaza tu, na mimi nilikuwa natafuta kelele.

"Umeelewa," akasema. "Sasa tufanye kazi. Nina muda mfupi."

Nimewaona mafundi wengi, msomaji wangu. Sijaona mkono kama ule. Kaka Rama akiandika husimama, hukuna kichwa, hufuta. Yeye aliandika kama mama anavyotunga shanga, macho hayaangalii vidole. Kwanza alichukua kelele zote za kila siku, fulani ameingia, fulani ametoka, akaziondoa machoni. Nikashtuka, nikamwuliza kama anazifuta.

"Usichinje kitu usichokijua," akasema. "Hizi napeleka zizi la nyuma. Siku ya kesi utazihitaji. Ila zisikae langoni zikakuzibia njia."

Kisha akapita kwa kila mtuma ujumbe, mmoja mmoja, akiniuliza: huyu anaweza kukaa kimya muda gani kabla hatujaenda kumtafuta? Betri, nusu saa. Friji, dakika kumi. Nikamwuliza printa je.

"Printa ikinyamaza mpaka keshokutwa, nani atakufa?"

Kila jibu akaligeuza kuwa kanuni ya kompyuta, maneno mafupi, safi, hata mimi niliyasoma yote nikayaelewa. Alipofika friji ya tano akasimama, akanisogezea kibodi. "Hii andika wewe."

Naandika kwa kidole kimoja. Natafuta herufi kama mtu anayetafuta sindano nyasini. Alikaa. Hakuhema kwa kuchoka, hakuninyang'anya, hakuniambia "lete nikusaidie." Tangu nianze shule hakuna mtu aliyeningoja hivyo. Nikamaliza, nikamgeukia kumshukuru, na hapo nikaona jambo. Nikisema, moshi wa pumzi unanitoka mdomoni. Yeye akisema, hautoki. Nikajiambia amezoea baridi. Ungejiambia nini wewe?

"Jenereta inaishiwa mafuta," akasema. "Nenda."

Nikakimbia. Kweli, mlinzi wa zamu alikuwa amesinzia na mshale umeshuka mpaka chini. Tukamimina dumu la akiba. Niliporudi ofisini, kiti kilikuwa kitupu na kioo cha kompyuta cheusi. Nikabonyeza taa. Haikuwaka. Nikabonyeza tena.

Umeme ulikuwa haujarudi. Haukuwa umerudi muda wote ule.

Nikatoka nje nikatazama majani yaliyolowa umande. Njia ilikuwa moja tu, ya miguu yangu. Mlinzi akaapa hajamfungulia mtu geti.

Sikumwambia yeyote. Ningeanzia wapi? Umeme uliporudi saa tano nikawasha kompyuta. Orodha ndefu haikuwepo. Kioo kilikuwa cheupe, kimetulia, na kanuni zote zilikuwa mahali pake.

Siku ya mkesha wa ile chanjo kubwa, saa kumi jioni, kompyuta ikalia. Mstari mmoja tu, wa njano: friji ya pili haijasikika kwa dakika kumi. Hata mtu wa kusoma polepole anasoma mstari mmoja. Nilikimbia nikimwita Sista kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Tukakuta waya umechomolewa, na kwenye soketi ipo simu ya dereva aliyeleta mzigo, inachaji.

Sista akaweka kiganja ndani ya friji. "Bado baridi," akasema, akafumba macho. Kisha akamgeukia dereva. "Baba, simu yako ndiyo inayoogopa surua?"

Kesho yake maboma yaliteremka. Watoto walilia kutwa nzima, na kilio kile kilikuwa kitamu masikioni mwangu. Yule mama aliyeniuliza tunalinda nini alikuwemo. Hakuniuliza tena. Alinipa mtoto nimshikilie wakati wa sindano.

Sista akampigia kaka Rama kumshukuru kwa kanuni. Rama akasema, "Kanuni gani?" Akaifungua kompyuta yetu kutoka Arusha huko huko. Tukamsikia akibofya, kanuni moja baada ya nyingine.

"Dogo, acha kunizingua," akasema mwisho. "Nani kakuwekea hizi? Mimi mwenyewe siwezi kuzipanga hivi."

Nikamweleza, nikiwa nimekodolea viatu macho. Akacheka, akasema atasoma logi yenyewe, logi haidanganyi. Akasoma. Kicheko kikaisha. Alhamisi ile kompyuta ilizimika alfajiri umeme ulipokatika, ikawashwa saa tano. Kanuni zilihifadhiwa kati ya saa mbili na saa tatu.

"Ilikuwa imezimwa," akasema. "Hakuna kinachoandikwa kwenye kompyuta iliyozimwa." Mahali pa jina la mwandishi palikuwa patupu kwenye kanuni zote, isipokuwa ya friji ya tano. Hiyo ilikuwa na jina langu.

Wengine wanasema alikuwa mzimu wa msituni. Mchungaji wetu wa kanisani anasema malaika, ingawa zile kandambili zinamsumbua kidogo. Kaka Rama, akiwa na watu, husema nilifanya mwenyewe naona haya kukiri. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba sikio langu halikurudi kama lilivyokuwa. Kanisani kwaya ikiimba, sauti moja ikikoma nageuka. Nikienda nyumbani, ndege wa kichaka fulani wasipolia asubuhi, silali usingizi tena.

Na kuna hili. Kwenye orodha ya wanaotuma ujumbe, chini ya zile friji tano, yupo wa sita. Hana jina. Asubuhi za ukungu hutuma ujumbe mmoja usio na neno ndani, wa kusema tu kwamba yupo. Kaka Rama alikuja mwenyewe, akafuata kila waya mpaka darini, hakuona kitu. Asubuhi moja yenye ukungu, huyo wa sita hakusikika, mstari wa njano ukatokea. Sikujua nikamtafute wapi, nikapita tu kwenye friji zote nikizishika kwa mkono. Ya nne ilikuwa imezuiwa na katoni, mlango haujafungika vizuri, na joto lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kupanda.

"Tumfute huyo wa sita," kaka Rama aliniambia. "Anatuchafulia orodha."

Mimi ni mtu ambaye nikiletewa chai ya baridi mgahawani nainywa hivyo hivyo. Lakini nilisimama mbele ya kompyuta nikamwambia, "Hapana, kaka. Huyu hafutwi."

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayelinda chochote, iwe mashine, mifugo au watu. Chuja kelele, ni haki yako. Ila anayenyamaza usimtoe kwenye orodha ili upate utulivu. Inuka kwanza ukamtazame. Na asubuhi ya ukungu ukimkuta mgeni kwenye kiti chako anafanya kazi yako vizuri kuliko wewe, usipoteze maneno ukimwuliza katumwa na nani, kama nilivyofanya mimi. Msalimie, vuta ndoo, ukae. Muda wake ni mfupi.