Yolande na mashua iliyoning'inia ekluzini

Ni asubuhi, na Yolande Ngoie anasugua sakafu ya bafu la wasafiri wa mashua kando ya mfereji huko Anderlecht, Brussels. Hapa wenye mashua huoga, hujaza maji ya kunywa na kutupa taka kabla ya kuingia ekluzi, chumba kirefu cha zege chenye milango ya chuma, kinachovishusha vyombo kutoka maji ya juu hadi ya chini.

Mlango wa bafu ameuacha wazi. Kila mara anachungulia nje.

"Tangu ile siku, bateau, mashua, ikiingia tu, roho yangu haitulie," anasema mama huyu wa watoto watatu, mzaliwa wa Kolwezi.

Siku hiyo, mwezi Aprili, mwalimu mstaafu aitwaye Mathieu alikuwa akishuka ekluzini na mkewe kwa mara ya kwanza. Alipaswa kuilegeza kamba iliyoshikilia mashua yao ukingoni kadiri maji yanavyopungua. Badala yake aliifunga fundo kwenye nguzo ya ukingoni, akageuka kupiga picha.

Yolande alikuwa akitoka na ndoo.

"Bon, nikaona bateau inalala upande mumoja. Maji inashuka, bateau haishuke. Sahani zinavunjika ndani, bibi ya yule mwalimu analia."

Mwendesha ekluzi, Radjabu, Mrundi wa Bujumbura, alikuwa akitazama lango la mbele. Yolande akatupa ndoo, akatimua mbio.

"Papa Radjabu! Funga maji! Kamba!"

Maji yakasimama. Mashua ikabaki imening'inia, ubavu juu. Mlango wa chumba cha mashua ulikuwa umekwama, mke akiugonga kutoka ndani. Mathieu, aliyekuwa sitahani, akachomoa kisu aikate kamba.

Kamba iliyokaza namna ile ikikatwa huruka kama mjeledi, na mashua ingeanguka na mwanamke yule ndani yake.

"Weka kisu chini, monsieur!" Yolande alimfokea kwa Kifaransa.

"Mke wangu yuko ndani!"

"Najua. Ukikata, utamuangusha. Nitazame mimi."

Radjabu alianza kurudisha maji, polepole. Kamba ikalia. Mathieu akainua kisu tena. Yolande akalala kifudifudi ukingoni, akanyoosha mkono.

"Nipe."

Mathieu alimtazama. Akampa.

Mashua ilipokaa sawa, mlango ulifunguka. Mke alitoka akivuja damu kwenye paji la uso. Yolande alimpeleka bafuni, akamsafisha, akamchemshia chai. Walipoondoka, alijifungia stoo.

"Nililia kama mutoto. Nilijiuliza, na kama angekata?"

Yolande ameomba kazi ya kuendesha ekluzi. Mtihani wa Kiholanzi, ambacho hapa huitwa Kiflama na hutakiwa kwa kazi hiyo, umemwangusha mara mbili.

"Maman Yolande ana macho," anasema Radjabu. "Kiflama tu ndiyo inamusumbua."

Sasa Yolande anakisoma jioni karibu na nyumbani kwake, Schaerbeek. Mtihani ni Novemba, na anauogopa.

Honi inalia. Anakatiza mazungumzo na kutoka hadi ukingoni. Mashua ndogo inaingia. Yolande anafuata kamba kwa macho mpaka milango inafunguka upande wa chini.

"Ile siku nilipiga kelele, muntu mwingine akafunga maji," anasema, akivuta pumzi. "Donc, kwa hiyo, mi nataka mukono wa kufunga ukuwe wangu."