Siku Nilipoingia Kwenye Matanga Yangu

Kuna watu hapa Bertrams, mtaa wa Johannesburg, ambao hadi leo wakikutana na mimi barabarani wananiita Marehemu, tena kwa upole kabisa, kama vile ni jina la ukoo, na aibu yenyewe nilijitafutia. Basi bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine, kwa sababu wengine wanaitia chumvi (eti nilikula sahani tatu za wali wa msiba wangu, si kweli, zilikuwa mbili).

Mimi ni fundi cherehani, na kwetu ni Uvira, mashariki ya Kongo. Mama yuko kule na mdogo wangu Wilondja, na katika vita vya sasa vijana wenye bunduki wa mtaa wao walianza kupita nyumba kwa nyumba wakichukua watu wa kwenda kupigana. Sharti lao lilikuwa kwamba mama mwenye wana wawili anatoa mmoja, na mwenye mmoja tu anaachiwa. Mama ana wawili. Mimi niko Johannesburg miaka yote hii, lakini walinihesabu vilevile, kwa hiyo wa kuchukuliwa akawa Wilondja, kijana ambaye hata kuku wa sikukuu anachinjiwa na jirani.

Mama akanipigia simu kwa sauti ya chini.

"Alimasi, baba, nimewaambia umekufa."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nimewaambia nimebaki na mmoja. Mkubwa wao anasema anataka kuona picha."

"Picha ya nini, mama?"

"Yako. Umelala."

Hapo ndipo nilipopaswa kufikiri. Ningeweza kusema tuulize watu, tutafute njia nyingine, lakini nilimsikia mama anavyopumua nikasema sawa, picha tu, picha ina nini.

Ninashona chumba kimoja na Juma, mtu wa Tanga, mwenye moyo mzuri na woga mwingi wa mambo ya akhera. Nilimweleza, akakataa, nikamweleza tena, akaomba msamaha kwa Mungu kwanza ndipo akanilaza juu ya meza ya kukatia, akanifunika kitambaa cheupe cha mapazia ya mteja na kunitia pamba puani.

"Usitabasamu," akasema.

"Sitabasamu, pamba inanitekenya."

"Maiti hatekenyeki. Tulia."

Picha ikatoka vizuri kuliko nilivyotaka. Nikamtumia mama. Akaniambia nizime simu kabisa, yule mkubwa asije akapiga akasikia marehemu anaitika. Nikazima. Sikujua kwamba mama, ili jambo lionekane kweli, aliweka viti uani na kukaa chini kama mfiwa, wala kwamba shangazi yangu mmoja aliiona ile picha, akaituma kwa ndugu zake wote wa WhatsApp, nao wakaituma kwa watu wa kwetu wa hapa Joburg.

Jumamosi nilikwenda Soweto kupeleka sare za kwaya ya kanisa moja. Juma, shahidi wangu pekee, alikuwa kwenye harusi Pretoria. Nilirudi Bertrams alasiri, baridi kali, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi na skafu imepanda hadi puani, na pale nyumbani tunapopanga vyumba nikakuta viti vimejaa uani, wanawake wamejifunga vitenge, sufuria kubwa jikoni. Nikamuuliza mtu wa getini, mgeni kwangu, "Poleni, nani ametutoka?"

"Fundi mmoja wa nguo," akasema bila kuinua macho. "Ingia, ndugu."

Nilimfikiria yule fundi Mrundi wa chumba cha nyuma, mwenye watoto wadogo, roho ikaniuma kweli. Nikaingia kwa adabu, nikakaa viti vya mwisho, nikainamisha kichwa. Machozi yalikuwa yamekaribia (nayasema yote, msicheke) pale Mama Esta, mkubwa wa akina mama wa kanisa letu la Troyeville, aliposimama akasema, "Alimasi alikuwa kijana mpole, asiye na maneno mengi."

Mimi, asiye na maneno mengi. Hata katika ule mshtuko niliona kwamba hapo amekosea.

Wazee wawili, nikasikia, walikuwa wanazunguka mochwari wakiutafuta mwili wangu. Mwanamke mmoja akasema niliwahi kumpunguzia gauni la ubatizo wa mtoto wake nikakataa malipo; mimi nilikwisha kusahau. Akili yangu yote ilikuwa kwenye geti, nikipima nitatokaje bila kuonekana, nimpigie mama aniambie la kufanya. Nilikuwa nimeinuka nusu pale Mama Esta aliponyanyua simu yake juu.

"Nyamazeni kidogo. Mdogo wake yuko hewani."

Nilidhani Wilondja anajua. Nilidhani ataigiza. Lakini sauti iliyotoka haikuwa ya kuigiza, ilikuwa imekwaruka kwa kulia.

"Mama Esta, asanteni kwa kumlilia yaya wangu, kaka yangu mkubwa," akasema. "Mumzike vizuri. Mimi mama ananiambia nimeponea kwa kifo chake. Siwezi kukaa nyumbani kwa bei hiyo. Kesho asubuhi ninakwenda mwenyewe kwa wale vijana, wanipe bunduki."

Sikumbuki nilivyofika mbele. Naambiwa nilipita juu ya viti. Nilivua kofia, nikaishika ile simu pamoja na mkono wa Mama Esta, nikasema, "Wilo, usiende. Ni mimi. Niko hai, Wilo, usiende popote."

Hapo uani pakawa hapakaliki. Watu walikimbilia getini wote pamoja wakakwama, dada mmoja alizimia juu ya mtungi wa chai, na mtu mzima ambaye simtaji alipanda ukuta. Mama Esta peke yake hakusogea, labda kwa sababu nilikuwa nimemshika mkono. Kwenye simu Wilondja akaanza kulia upya, na katikati ya kulia akasema, "Yaya, wewe ni mjinga."

"Ndiyo," nikasema. "Baki nyumbani."

"Nimebaki."

Nikawaeleza waliosalia: pamba, picha, yote. Nilingoja matusi. Mama Esta akanigusa shavu kwa kiganja kama anayepima joto, kisha akawageukia wenzake.

"Mimi sijaona mtu," akasema. "Wale wenye bunduki wa Uvira wana ndugu hapa, na habari zinasafiri. Tuendelee."

Wakaendelea. Walikaa wakaimba hadi jua likazama, wakapiga picha za kutuma nyumbani, na mimi nikafichwa jikoni nyuma ya sufuria nikisikiliza nyimbo za maziko yangu, kila aliyeingia kuchukua wali akinifinya bega.

Wilondja aliachiwa, na baadaye akavuka kwenda Burundi kwa mjomba, ambako yuko salama. Nilimuuliza mama kwa nini hakumwambia mapema, akasema uso wa yule mtoto hauwezi kuficha kitu. Halafu akaniambia ile siku ya viti uani alianza kulia kwa kuigiza, watu waliporudi makwao akataka kunyamaza, akashindwa, alilia hadi kukakucha na huku anajua niko hai.

Siku hizi akipiga simu anataka niwashe video kwanza, nigeuke huku na huku, ndipo anisalimie. Hata nikiwa na mteja, nageuka. Wakija tena kumdai mtoto tutatafuta uongo mwingine, wa kubuni mimi au mtu mwingine, lakini huu wa kumfanya mama anililie ningali hai siurudii.